Gari la spoti la Kiingereza la kabla ya vita: mwongozo wa kununua, kuuza na kusafirisha kutoka Kampala

Wafanyabiashara wengi wa magari mjini Kampala wanajua bei ya Toyota Premio au Noah ya mwaka wowote hata ukiwaamsha usiku wa manane. Lakini siku mteja anapoleta gari dogo la viti viwili lililoundwa Uingereza mwaka 1938, lenye taa kubwa za mviringo, rimu za spoku na boneti ndefu, mahesabu yote ya kawaida yanavurugika. Gari hilo haliko kwenye orodha za bei za bondi za Nakawa. Spea zake haziko Kisekka. Na mtu wa kwanza kuuliza bei huenda yuko London, Nairobi au Dubai, si Ntinda.

Biashara ya namna hii ni adimu, lakini si ngeni kabisa katika ukanda wetu. Uganda ina wapenzi wa magari ya kale, na baadhi yao wamekuwa wakivuka mpaka kupeleka magari yao kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance mjini Nairobi. Gari la namna hiyo linapotangazwa kuuzwa, watu wanaoitwa kwanza ni dalali, wakala wa forodha na mwenye lori. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Jambo moja la kushika tangu mwanzo ni hili: bei ya gari hili haiko kwenye rangi inayong'aa. Iko kwenye vitu viwili, yaani uhalisi wa vyuma vyake na ukamilifu wa karatasi zake. Ukipoteza kimoja kati ya hivyo, unaweza kupoteza maelfu ya pauni kwa siku moja, na wakati mwingine ukapoteza hata haki ya kulirudisha gari nyumbani.

Ni magari gani yanayozungumziwa

"Kabla ya vita" maana yake ni kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vilivyoanza Septemba 1939. Katika soko la kimataifa maneno haya yana mipaka yake, na mnunuzi wa nje atayatumia bila kukueleza. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huyapanga magari kwa miaka: yale ya 1919 hadi 1930 ni kundi moja, na yale ya 1931 hadi 1945 ni kundi jingine. Wapenzi wa magari wa Uingereza nao hulipa jina la heshima zaidi gari lililotengenezwa kabla ya mwisho wa 1930. Kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja kwenye hati inaweza kubadilisha kundi, na kundi linaweza kubadilisha bei.

Uchache nao unatofautiana sana. Hii ni mifano michache:

MG TA. Ilitengenezwa Abingdon kuanzia 1936 hadi 1939, magari 3,000 hivi. Ilikuwa ikiuzwa pauni 222 ikiwa mpya. Ni gari la kale linalotafutwa, lakini si la kutoonekana.

MG TB. Ilitoka mwaka 1939, na vita vikakatiza uzalishaji baada ya magari 379 tu. Kwa macho inafanana mno na TA, ndiyo maana utambulisho wake unahitaji umakini.

SS Jaguar 100. Ilitengenezwa Coventry kuanzia 1936, jumla ya magari 300 na ushei. Bei yake ya kiwandani ilikuwa pauni 395 kwa injini ya lita 2.5 na pauni 445 kwa lita 3.5. Kampuni ilibadili jina kuwa Jaguar mwaka 1945.

Bentley ya lita 4.5. Ilitengenezwa kuanzia 1927 hadi 1931, magari 720 hivi. Kati ya hayo, 55 ndiyo yaliyofungwa mtambo wa kusukuma hewa kwenye injini, na hayo ndiyo bei yake hupanda hadi mawinguni.

Ukiona tangazo linasema "SS 100" au "Bentley" kwa bei ya MG, tulia. Kuna magari mengi duniani yaliyojengwa upya kwa kufuata umbo la hayo, na muuzaji mwenyewe huenda hajui kwamba alichorithi ni mfano tu.

Historia ya gari ndani ya Afrika Mashariki

Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo gari lililoshushwa bandarini Mombasa liliweza kuletwa kwa behewa hadi mjini bila kupita njia za matope. Magari ya Uganda yanapokwenda nje huvaa kibao cha herufi EAU, kama vile ya Kenya yanavyovaa EAK na ya Tanzania bara EAT. Kibao cha zamani cha aina hiyo, kikikutwa kwenye gari pamoja na stika ya bima au risiti ya gereji ya enzi zile, ni ushahidi wa historia. Usikitupe wala usikipake rangi.

Historia hiyo ina pengo lake. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Wengi waliacha nyumba, maduka na magari. Baada ya hapo nchi ilipita katika vita vya 1978 na 1979 na misukosuko ya miaka ya 1980. Matokeo yake ni kwamba mlolongo wa umiliki wa gari la zamani mjini Kampala mara nyingi hukatika hapo katikati. Jina la mwisho linalosomeka kwenye kadi linaweza kuwa la mtu aliyeondoka 1972, na gari likawa limepita mikononi mwa watu watatu bila uhamisho wowote ulioandikwa.

Mnunuzi makini atauliza swali hilo kabla ya kuuliza habari za injini. Kama muuzaji hana jibu, kazi ya kwanza ni kumpeleka kwa wakili, siyo kumpeleka gereji. Familia ya mwenye gari wa zamani inaweza kuwa hai Leicester au Toronto, na dai la umiliki likijitokeza baada ya gari kuuzwa nje litawagusa wote walioshika pesa njiani.

Mlango uliofungwa mwaka 2018

Hapa ndipo penye uzito kwa wafanyabiashara wa mipakani.

Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1998 na kupiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Umri huo huhesabiwa kutoka tarehe ya kutengenezwa. Hauhesabiwi kutoka tarehe ya ukarabati, wala tarehe ya kusajiliwa mara ya mwisho. Gari la 1938 lililorejeshwa hadi likang'aa kama jipya, mbele ya kanuni hiyo bado ni gari la 1938.

Kenya ina kikomo kikali zaidi cha miaka 8 kupitia kiwango cha KS 1515. Tanzania haijafunga mlango namna hiyo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari chakavu kulingana na umri. Marekani mambo ni kinyume kabisa: huko gari likishafika miaka 25 huondolewa kwenye masharti ya viwango vya usalama vya magari mapya, kwa hiyo kadiri linavyozeeka ndivyo linavyoingia kwa urahisi. Kwetu kadiri linavyozeeka ndivyo mlango unavyokaza.

Kutokana na hali hiyo, yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, usinunue gari la aina hii Uingereza kwa nia ya kulileta Kampala kabla hujapata jibu la maandishi kutoka Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na kutoka URA. Kama unaamini kuna msamaha unaokuhusu, msamaha huo uwe kwenye barua yenye muhuri na namba ya kumbukumbu. Maneno ya "wakala wangu anajua mtu" hayatalitoa gari bondi.

Pili, gari lililokwisha kusajiliwa Uganda kihalali kabla ya mabadiliko hayo lina thamani ya nyongeza kwa mnunuzi wa ndani. Analipia gari pamoja na usajili ambao hawezi kuupata kwa kuagiza jingine.

Tatu, gari hilo likitoka nje ya nchi moja kwa moja, huenda lisirudi tena. Muuzaji aelezwe hivyo kabla ya kutia saini, hasa kama ni mali ya familia na wapo ndugu ambao hawajakubaliana.

Wapo wanaouliza kama gari linaweza kuingia kwa jina la kitu cha makumbusho. Ni kweli kwamba katika mfumo wa kimataifa wa namba za forodha kuna fungu la 9705 kwa vitu vya wakusanyaji vyenye thamani ya kihistoria, na fungu la 8703 kwa magari ya kawaida ya abiria. Lakini namba ya forodha huamua ushuru. Haiamui kama gari litapewa namba za kutembea barabarani. Hizo ni sheria mbili tofauti, na wengi huchanganya.

Kukagua gari kabla ya kutaja bei

Tuchukulie mfano wa MG TA kwa kuwa ndiyo inayoeleweka kwa urahisi. Kanuni zake zinafaa kwa nyingine pia.

Anza na namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu upande wa mbele, na inapaswa kulingana na kibao cha kiwandani na kadi ya gari. Magari ya TA yalianza kuhesabiwa kutoka namba 0251, kwa kuwa simu ya kiwanda ilikuwa Abingdon 251. Namba iliyo chini ya hapo, au iliyogongwa kwa herufi za kisasa, ni ishara ya kusimama na kuuliza. Piga picha kabla fundi hajasugua chochote kwa msasa.

Kisha tazama injini. TA ilitoka na injini ya sentimita za ujazo 1,292 ambayo namba yake huanza na MPJG. TB, na baadaye TC iliyotengenezwa baada ya vita, zilikuja na injini ya 1,250 iitwayo XPAG. Kwa kuwa TC zilitengenezwa 10,000, injini ya XPAG na spea zake hupatikana kwa urahisi zaidi, na TA nyingi duniani zimebadilishiwa. Hilo si kosa la jinai, lakini liandikwe wazi kwenye tangazo. Mnunuzi akiligundua mwenyewe baada ya kulipa malipo ya awali, ndipo ugomvi unapoanza.

Kuna mtego mmoja kwa mafundi. Bolti za injini hizi zina meno ya kipimo cha milimita, lakini vichwa vyake ni vya spana za Kiingereza za Whitworth. Asili yake ni mashine za kiwanda cha Kifaransa cha Hotchkiss kilichokuwa Coventry, ambacho Morris alikinunua mwaka 1923. Fundi asiyelijua hili atalazimisha bolti ya duka na kuharibu bloku. Bloku ya namna hiyo hainunuliki mtaani.

Baada ya hapo kagua mbao. Bodi ya gari hili ni bati lililopigiliwa juu ya kiunzi cha mbao za mti wa ash. Kwa hali ya hewa ya Kampala, adui zake ni unyevu na wadudu wa mbao. Fungua mlango nusu, uunyanyue kidogo kwa mkono. Ukicheza au ukining'inia, kiunzi kimechoka hata kama rangi ni ya wiki iliyopita. Mafundi seremala wa Ndeeba na wahunzi wa Katwe wanaweza kufanya kazi nzuri wakipewa kipande cha zamani cha kunakili. Hivyo usiruhusu kipande kibovu kitupwe kabla kipya hakijakubali kukaa mahali pake.

Mwisho jaribu gari likiwa barabarani. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au London. Kabureta iliyorekebishwa pwani itakunywa petroli nyingi mno huku na kutoa moshi mweusi. Hilo hurekebishwa kwa sindano na skrubu, na halipaswi kuwa sababu ya kuangusha bei. Lakini injini inayochemka kwenye mlima mmoja, au shinikizo la oili linaloshuka ikishapata moto, hiyo ni habari nyingine.

Kurejesha si kuboresha

Fundi wetu akikuta giaboksi imekufa, akili yake ya kwanza ni kutafuta ya Toyota. Kwa gari la kazi hiyo ni hekima. Kwa gari hili ni hasara, na hasara yenyewe inahesabika.

Uingereza na Umoja wa Ulaya huliweka gari la kale kwenye fungu la 9705 endapo lina miaka isiyopungua 30, ni la muundo usiotengenezwa tena, na liko katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa kwenye chesisi, usukani, breki au injini. Msingi wa masharti haya kwa Ulaya ulitokana na kesi zilizoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 1985 na 1998. Ukarabati na urejeshaji vinaruhusiwa, na sehemu zilizochakaa zinaweza kubadilishwa. Kinachokataliwa ni gari lililogeuzwa likawa la kisasa.

Tazama hesabu ya mnunuzi wa Uingereza, kwa mfano wa gari la pauni 30,000 likiwa limefika bandarini pamoja na nauli na bima.

Likiingia kama gari la kawaida, ushuru wa forodha ni asilimia 10, yaani pauni 3,000. VAT ni asilimia 20 ya pauni 33,000, yaani pauni 6,600. Jumla ni pauni 9,600.

Likiingia kwenye fungu la 9705, ushuru wa forodha ni sifuri na VAT ni asilimia 5, yaani pauni 1,500.

Tofauti ni pauni 8,100. Mnunuzi mwerevu ataiondoa tofauti hiyo kwenye bei anayokupa wewe Kampala. Kwa maneno mengine, breki za kebo zilizong'olewa na kufungwa za oili, au injini ya Kijapani iliyowekwa kwa nia njema, zinaweza kumgharimu muuzaji zaidi ya robo ya bei ya gari. Wapo pia wanaodhani unafuu wa ushuru ambao Uingereza huzipa nchi zinazoendelea utasaidia. Hautasaidia, kwa kuwa gari lilitengenezwa Uingereza na kukaa kwake Uganda hakulifanyi kuwa bidhaa ya Uganda.

Kama mabadiliko yamekwisha kufanywa, tafuta vipande vya asili. Mara nyingi viko nyuma ya gereji ya fundi wa zamani, vimefunikwa na turubai. Injini ya asili, hata ikiwa imekwama, iuzwe pamoja na gari.

Karatasi za kukusanya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Faili la gari hili liwe na vitu vifuatavyo:

1. Kadi ya gari yenye namba za chesisi na injini zinazolingana na zilizo kwenye vyuma. Kama haziendani, sahihisho lifanyike ofisi ya usajili kabla ya mauzo.

2. Mlolongo wa umiliki: hati za mauzo, hati ya mirathi kama mwenyewe ni marehemu, na kiapo cha wakili pale penye pengo.

3. Uthibitisho wa polisi kupitia dawati la Interpol kwamba gari halitafutwi.

4. Cheti cha kumbukumbu za kiwanda pale zinapopatikana. Kwa magari ya SS na Jaguar hutolewa na Jaguar Daimler Heritage Trust. Kwa makampuni mengine ya Uingereza pa kuanzia ni British Motor Museum iliyoko Gaydon, au klabu ya aina husika. MG Car Club, kwa mfano, ipo tangu 1930.

5. Picha za ukarabati hatua kwa hatua, zikiwemo za mbao na chesisi kabla ya kufunikwa, pamoja na risiti za spea kutoka nje.

6. Ripoti ya mkaguzi asiye na maslahi katika mauzo.

7. Ushahidi wa thamani. Matokeo ya minada mikubwa kama ya Bonhams huchapishwa wazi. Chukua mauzo kadhaa ya gari la aina na hali inayokaribiana. Usichukue lile moja lililovunja rekodi.

Bei iandikwe kwenye hati ileile iliyolipwa. Kuandika bei ndogo ili kupunguza kodi ni kosa mbele ya forodha, na kwa gari la namna hii ni ujinga pia: likiungua njiani, bima italipa kilichoandikwa.

Kuvuka mpaka kwa muda

Si kila safari ni ya kuuza moja kwa moja. Gari linaweza kwenda Nairobi kuonyeshwa. Maonyesho ya Concours d'Elegance ya Kenya, yaliyoanza 1970 na kuandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, ndiyo soko la macho kubwa zaidi la magari ya kale katika ukanda huu. Muuzaji wa Kampala akipeleka gari huko hukutana na wanunuzi wengi kwa siku moja kuliko kwa mwaka mzima wa kusubiri simu.

Lakini safari hiyo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu uingizaji wa muda kwa kipindi kisichozidi miezi 12, kwa masharti kwamba kitu kirudi kilikotoka. Gari likipita Malaba au Busia bila kuandikishwa kwamba linatoka kwa muda, siku ya kurudi ofisa wa zamu hana kumbukumbu yake. Anachoona mbele yake ni gari la 1938 linaloomba kuingia Uganda, na sheria ya 2018 anaijua.

Hivyo kabla ya kuondoka hakikisha:

Namba za chesisi na injini zimeandikwa kwenye hati ya kutoka, na ofisa amezilinganisha na gari lenyewe.

Una kibali cha kuingia kwa muda upande wa pili, na tarehe ya mwisho inatosha hata lori likiharibika.

Una bima ya Yellow Card ya COMESA kwa gari lenyewe kama litaendeshwa, pamoja na ya lori linalolibeba. Kadi hiyo hutumika Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini ni ya madhara kwa wengine. Haifidii gari lako.

Kila muhuri wa kwenda una muhuri wa kurudi.

Kwa safari ndefu ya nchi nyingi kuna hati ya carnet de passages, inayotolewa katika ukanda huu na Automobile Association of Kenya kwa dhamana ya fedha. Carnet isiyofungwa vizuri huweza kula dhamana yote. Hivyo usirudishe hati ofisini kabla ya kuhakikisha kila ukurasa una muhuri wa kutoka.

Na gari likiuzwa Nairobi wakati liko huko kwa kibali cha muda, mambo hayaishii kwenye kupeana mikono. Kenya nayo ina kikomo chake cha umri. Mauzo yafanywe kwa masharti kwamba gari linarudi Uganda, au linatoka moja kwa moja kupitia Mombasa kwa hati za mauzo ya nje.

Kulibeba: kazi ya mwenye lori

Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100. Gari lililoundwa 1938 lisiendeshwe umbali huo kwa ajili ya kuuzwa. Kwa safari ya ndani ya ukanda, lori lililofunikwa linatosha. Kwa kwenda ng'ambo, pakia kontena Kampala na lifungwe sili hapo hapo mbele ya forodha, ili lisifunguliwe tena hadi lifike.

MG TA ina urefu wa mita 3.5 hivi, na kontena la futi 20 lina nafasi ya karibu mita 5.9 ndani. Inaingia na nafasi inabaki kwa sanduku la spea. Bentley ni gari kubwa zaidi, pima kwanza.

Mikanda ifungwe kwenye matairi au kwenye eksili. Usifunge kwenye bodi, usifunge kwenye bampa, na usivute kamba kupita juu ya mlango. Kiunzi cha mbao kikivutwa kwa kilomita 1,000 za matuta hulegea maungio yake, na fundi wa Uingereza atakutoza bei ya Uingereza kukitengeneza.

Petroli ibaki kidogo sana, betri ichomolewe, na vipande vinavyotoka kama vioo, kofia ya rediyeta na vibao vya namba vifungwe na kuorodheshwa. Kofia ya rediyeta yenye nembo ndiyo huibiwa kwanza. Dereva asaini orodha hiyo pamoja na mwenye gari, na picha za pande zote nne zipigwe zikionyesha tarehe.

Bima ya mzigo iwe ya thamani iliyokubaliwa kabla ya safari. Bima ya kawaida inayolipa "thamani ya soko" italeta ubishi, maana soko lenyewe haliko mtaani kwetu. Mwenye lori asikubali mzigo huu kwa bei ya kubeba Corolla: uhesabu uzito wa dhamana, si kilo tu. TA ina kilo 800 hivi, lakini inaweza kuwa na thamani kuliko trela linaloibeba.

Nani alipwe lini

Kwa kuwa muuzaji na mnunuzi mara nyingi hawajuani, njia salama ni fedha kushikiliwa na wakili au benki hadi mambo matatu yatimie: umiliki umethibitishwa, hati za kutoka zimepita, na ripoti ya mkaguzi imekubaliwa. Dalali alipwe mwisho. Dalali anayelipwa mwanzo hana sababu ya kufuatilia muhuri wa mwisho Malaba.

Kwa muuzaji wa Kampala mwenye gari la namna hii lililosajiliwa kihalali, ushauri ni kwamba asiharakishwe. Gari lililokaa miaka 80 na ushei linaweza kusubiri miezi 3 karatasi zikamilike. Mnunuzi wa kweli atasubiri. Anayesema "tulivushe tu, karatasi zitafuata" hajui gharama ya gari hilo likikwama mpakani, au anaijua vizuri na anataka wewe ndiye uilipe.